Mbachao na Msala Upitao: Kustaafishwa kwa AngularJS na Deni la Mwenye Kiunzi

Mwanafunzi wa Kiswahili anapolisikia neno kiunzi, aghalabu fikra zake hukimbilia sura ya kwanza ya tasnifu, pale msimamizi anapomtaka aeleze nadharia itakayouongoza utafiti wake. Seremala akilisikia neno lilo hilo hujiwa na picha ya mbao zilizounganishwa kabla ya kitu chenyewe kupata umbo. Mwanariadha naye huviona vizuizi anavyopaswa kuviruka uwanjani. Waundaji wa programu za tarakilishi nao wana viunzi vyao. Kiunzi cha programu ni mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari, wenye utaratibu na masharti yake, ambao mwandishi wa programu huuchukua na kujenga juu yake ili asilazimike kuanza kila kazi upya. Kiunzi humpunguzia kazi, na papo hapo humfunga, kwa kuwa mahali pa mlango na mahali pa dirisha pamekwisha kuamuliwa na mtu mwingine.

Mfano ulio karibu zaidi na jambo hili ni nyumba ya fito na udongo, ambayo ingali ikionekana vijijini, pwani na bara. Nguzo husimamishwa, fito zikafungwa kwa kamba, kisha udongo ukakandikwa mpaka fito zikafichika. Udongo ukishakauka, mwenye nyumba hupaka chokaa, hutundika picha ukutani na kusahau kabisa kuwa kuna fito. Siku zinapoanza kuoza ndipo anapotambua kwamba hawezi kuzichomoa na kuuacha udongo umesimama peke yake. Makala haya yanakiangazia kisa cha fito za namna hiyo: kiunzi kilichoitwa AngularJS, ambacho waundaji wake walikistaafisha na mahali pake wakaweka kingine. Kisa hiki ni cha ufundi, lakini swali lililomo ndani yake ni la watu: je, anayewapa wenzake fito za kujengea ana deni gani kwao siku anapoamua kwamba fito hizo hazifai tena?

AngularJS ilianza mwaka wa 2009 kama kazi ya pembeni ya Miško Hevery na mwenzake Adam Abrons. Jina lenyewe lilitokana na alama za pembe zinazotumiwa katika lugha ya HTML, ambayo ndiyo lugha ya kupangia kurasa za wavuti. Baadaye Hevery alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Google, alikuwa mmoja wa watu walioandika programu ya kupokea maoni ya watumiaji. Kama inavyosimuliwa, baada ya miezi sita msimbo wa programu hiyo ulikuwa umefikia mistari 17,000, na kila badiliko dogo lilikuwa adha. Hevery alimwahidi mkuu wake, Brad Green, kwamba kwa kutumia kiunzi chake angeweza kuiandika upya kazi yote kwa majuma mawili. Hakuitimiza ahadi hiyo barabara, kwani alichukua majuma matatu. Hata hivyo, mistari 17,000 ilikuwa imepungua ikawa 1,500. Tangu hapo Google ilikichukua kiunzi hicho na kukilea, na toleo la 1.0 likatangazwa mwezi wa Juni 2012.

Ili msomaji aelewe ni kwa nini waandishi wa programu walikipokea kiunzi hiki kwa hamu kubwa, ni muhimu akumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Mtu aliyetaka ukurasa wa wavuti ubadilike mtumiaji anapobonyeza kitu alilazimika kuitafuta sehemu husika ya ukurasa, kuishika na kuibadilisha mwenyewe kwa amri moja baada ya nyingine. Ikiwa jina la mteja lilionekana mahali pa tatu, alihitajika kulibadilisha mahali pote pa tatu, na akisahau pamoja, ukurasa ulijipinga wenyewe. AngularJS ilileta utaratibu mwingine. Mwandishi alitangaza mara moja kwamba mahali fulani pa ukurasa pamefungamana na data fulani. Data ikibadilika, ukurasa ulibadilika. Mtumiaji akiandika katika kisanduku, data nayo ilibadilika. Ufungamano huu wa pande mbili ulionekana kama mazingaombwe, na watu waliokuwa wakihangaika kwa siku kadhaa walijikuta wanamaliza kazi kwa saa chache.

Hata hivyo, hapana mazingaombwe yasiyo na gharama. Ili kiunzi kijue ni nini kilichobadilika, kiliweka mlinzi mmoja kwa kila ufungamano. Kila mara tukio lilipotokea, kama vile kubonyezwa kwa kitufe au kuwasili kwa jibu kutoka kwa seva, walinzi wote waliulizwa mmoja mmoja: je, unachokilinda ni kile kile cha awali? Mmoja wao akijibu kuwa kimebadilika, zamu nzima ya maswali ilirudiwa, kwa sababu badiliko moja huenda limezaa jingine. Zamu hizo ziliendelea mpaka pasiwe na badiliko lolote, na zikipita kumi bila utulivu kupatikana, kiunzi kilikata tamaa na kutangaza kosa. Katika ukurasa wenye walinzi mia moja, mtumiaji hakuhisi chochote. Katika ukurasa wenye maelfu, vidole vilitangulia na herufi zikafuata nyuma zikichechemea. Simu za mkononi za miaka hiyo, ambazo uwezo wake ulikuwa mdogo, ndizo zilizoumia zaidi.

Kasoro hiyo haikuwa ya kuzibwa kwa kiraka, kwani ilikuwa imo ndani ya fito zenyewe. Isitoshe, ulimwengu ulikuwa ukisonga mbele. Mnamo Mei 2013, kampuni ya Facebook ilikuwa imetoa React, iliyoshikilia kwamba data inapaswa kutiririka upande mmoja tu. Mwezi wa Februari 2014, Evan You, aliyekuwa amefanya kazi Google na kuitumia AngularJS, alitoa kiunzi chake chepesi kiitwacho Vue, baada ya kuchagua katika AngularJS yale aliyoyapenda na kuyaacha mengine. Lugha ya JavaScript yenyewe ilikuwa mbioni kupata sura mpya. Kwa hiyo waundaji wa AngularJS walikuwa na njia mbili: ama waendelee kukitia viraka kiunzi chao mpaka kipitwe na wakati mikononi mwao, ama wakivunje na kuanza upya. Walichagua kukivunja.

Uamuzi wenyewe una mantiki, na huenda hata leo wahandisi wengi wangekubaliana nao. Yaliyozua kilio ni namna ulivyotangazwa. Mwezi wa Oktoba 2014, katika mkutano wa wanaprogramu uliofanyika jijini Paris, wawakilishi wa kikundi kilichokuwa kikiunda toleo la pili walisimama mbele ya hadhira na kuonyesha orodha ya mambo ambayo hayangekuwamo katika toleo hilo. Vidhibiti havingekuwamo. Wigo, ambao ndio uliokuwa kitovu cha kila programu ya AngularJS, haungekuwamo. Namna ya zamani ya kuunda moduli haingekuwamo. Kila kilichofutwa kilionyeshwa katika picha ya kaburi. Ilikuwa mzaha wa wahandisi wenye furaha ya kazi mpya. Lakini miongoni mwa waliokuwa wakitazama walikuwamo watu ambao kazi zao za miaka miwili au mitatu zilikuwa zimejengwa kwa mambo yayo hayo yaliyokuwa yakizikwa, na wakati huo haikuwapo njia yoyote iliyobainishwa ya kuvuka kutoka kiunzi cha kwanza hadi cha pili.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hufafanuliwa darasani kwa wepesi, kana kwamba ni onyo kwa mtu mwenye tamaa ya vitu vipya. Kisa cha AngularJS kinauonyesha upande mwingine wa maana yake. Watumiaji hawakuuacha mbachao wao. Mfumaji mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba hataufuma tena, na msala aliouahidi ulikuwa ungali nyuzi kitandani. Aliyekuwa akianza kazi mpya mwishoni mwa mwaka wa 2014 alikuwa katika hali ngumu. Akitumia kiunzi cha zamani, alijua anajenga juu ya fito zilizotangaziwa kifo. Akingoja kipya, hakujua atangoja miezi mingapi. Baadhi walihamia React na viunzi vingine, na hawakurudi.

Ni haki kusema kwamba kilio hicho kilisikika. Mnamo Machi 2015, huko Salt Lake City, ilitangazwa kuwa toleo jipya lingeandikwa kwa TypeScript, lugha iliyoundwa na Microsoft, badala ya lugha nyingine mpya ambayo Google ilikuwa imekusudia kuitunga. Katika mwaka uo huo wa 2015 ilielezwa njia ya kuviendesha viunzi viwili kwa pamoja ndani ya programu moja, ili mtu aweze kuhamisha chumba kimoja kimoja huku nyumba ikiendelea kukaliwa. Toleo la majaribio lilitoka mwezi wa Desemba 2015, na toleo kamili likatolewa tarehe 14 Septemba 2016. Kati ya mkutano wa Paris na siku hiyo palikuwa pamepita takriban miaka miwili kasoro mwezi mmoja. Katika taaluma ambayo miezi sita ni muda mrefu, miaka miwili ya kukaa mlangoni si kitu kidogo.

Kiunzi kipya kilikuwa kizuri. Ukurasa sasa uligawanywa katika vijenzi vilivyopangwa kama mti wa ukoo, na mabadiliko yalikaguliwa kutoka juu kwenda chini mara moja, badala ya kuzungukazunguka. Lakini hakikuwa kaka mdogo wa kile cha kwanza. Kilikuwa mgeni aliyepewa jina la marehemu. Hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kutega sikio, kwa kuwa tatizo lililofuata lilikuwa la kiisimu kuliko lilivyokuwa la kihandisi. Vitu viwili tofauti viliitwa kwa jina moja. Mwanafunzi aliyekuwa akijifunza kiunzi kipya alitafuta suluhisho la tatizo lake mtandaoni, akapata majibu chungu nzima, akayafuata kwa uaminifu, na programu yake ikakataa kwa sababu majibu hayo yalihusu kiunzi cha zamani. Hali hii ni ile ile ya homonimia inayofundishwa katika semantiki, isipokuwa hapa muktadha haukutosha kumsaidia msomaji, kwa vile aliyehitaji msaada ndiye asiyeujua muktadha.

Waundaji walilazimika kuweka kanuni ya majina. Matoleo yote yanayoanza na 1 yaitwe AngularJS. Kuanzia la 2, jina liwe Angular pekee. Mwezi wa Desemba 2016 walitangaza pia kwamba toleo litakalofuata la 2 lingekuwa la 4, kwa sababu sehemu mojawapo ya kiunzi, ile inayomwelekeza mtumiaji kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, ilikuwa imekwisha kupewa namba 3 na isingewiana na nyingine. Toleo la 4 lilitoka mwezi wa Machi 2017. Mtu aliye nje ya taaluma anaweza kucheka: herufi mbili zimeongezwa hapa, namba moja imerukwa pale. Lakini wanafunzi wa lugha wanajua kuwa istilahi isiyotenganisha vitu viwili huwagharimu watumiaji muda na imani. Lau kiunzi cha pili kingepewa jina lake mwenyewe tangu awali, sehemu kubwa ya mkanganyiko ingeepukika. Google ilikuwa imependa kurithisha sifa ya jina, nayo ikarithisha pamoja na sifa hiyo makosa yote ya utambulisho.

Sasa na itazamwe hali ya waliobaki. Aghalabu wanaoandika kuhusu viunzi ni wahandisi wa kampuni kubwa, ambao wana wenzao mia na bajeti ya kutosha. Lakini kiunzi maarufu hutumiwa pia na ofisi ndogo yenye mwandishi mmoja wa programu, aliyetengeneza mfumo wa kusajili wanachama wa chama cha akiba au wa kufuatilia dawa za zahanati, kisha akaondoka kwenda kutafuta kazi nyingine. Mfumo unafanya kazi. Karani ameuzoea. Hakuna anayejua ndani yake mna nini. Ofisi kama hiyo ikiambiwa kwamba kiunzi kimestaafishwa, huwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kuuandika mfumo wote upya, kazi ambayo huenda ikachukua muda ule ule wa mwanzo au zaidi, na ambayo mwishoni humpa karani mfumo unaofanya yale yale aliyokuwa akiyafanya. Ni vigumu kumshawishi mweka hazina alipie jambo lisiloonekana.

Njia ya pili ni ile ya bandu bandu huisha gogo. Viunzi viwili vinaendeshwa pamoja, na kila mwezi sehemu moja inahamishwa. Njia hii ni ya busara, ila nayo ina masharti. Kwa muda wote wa kuhama, kivinjari cha mtumiaji hubeba mizigo miwili, na mwandishi wa programu hulazimika kufikiri kwa lugha mbili kwa wakati mmoja. Anayejua hali ya mtu anayeandika sentensi moja kwa kanuni za tahajia mbili ataelewa uchovu huo. Tena kazi ya bandu bandu huhitaji mtu yule yule aliyeianza akae mpaka mwisho. Akiondoka katikati, anayerithi hukuta nyumba iliyo nusu fito za kale na nusu mpya, asijue ukuta upi unaubeba upi. Njia ya tatu ni kutofanya lolote, na ndiyo inayochaguliwa na wengi, si kwa uzembe bali kwa sababu kesho ina mahitaji yake na leo ina yake.

Google haikuwatupa watu wa njia ya tatu mara moja. Mwezi wa Januari 2018 ilitangaza kwamba toleo la 1.7 lingekuwa la mwisho lenye mambo mapya ya maana, na kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kiunzi kingeingia katika kipindi cha miaka mitatu cha kuhudumiwa kwa yale ya dharura tu, kama vile kasoro za usalama. Katikati ya kipindi hicho ukaja ugonjwa wa Korona, ofisi zikafungwa na mipango ikavurugika. Mwaka wa 2020 waundaji wakaongeza miezi sita. Hatimaye, tarehe 31 Desemba 2021, huduma ilikoma. Kutoka mkutano wa Paris hadi siku hiyo ni zaidi ya miaka saba. Anayedai kwamba watu hawakupewa muda hatendi haki. Kilichokosekana mwanzoni hakikuwa muda, bali neno la kuwatuliza watu kwamba muda utakuwapo.

Na je, kukoma kwa huduma ni nini hasa? Si kuzimwa. Programu ya Flash ya kampuni ya Adobe ilikoma kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ilizuia yenyewe maudhui yake yasionekane. Hicho ndicho kifo. AngularJS haikufa hivyo. Mfumo uliojengwa kwa kiunzi hicho ulifunguka asubuhi ya tarehe 1 Januari 2022 sawasawa na ulivyofunguka siku iliyotangulia. Tofauti ni kwamba, tangu asubuhi hiyo, mlango ukigunduliwa kuwa na kitasa kibovu, mwenye kiunzi hatakuja kukitengeneza. Na vitasa vibovu vimeendelea kugunduliwa. Zimejitokeza kampuni zinazouza huduma ya kuviziba kwa wale wanaoweza kulipa. Kwa hivyo mgawanyo wa gharama umekuwa wa kinyume: mwenye nacho hununua ulinzi au huajiri watu wa kuhamisha mfumo, na asiye nacho hubaki na nyumba isiyo na bawabu pasipo hata kujua kwamba bawabu ameondoka.

Wasomi wa Kiswahili hawapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Lugha yao yenyewe iliwahi kupitia uamuzi unaofanana na huu. Katika karne ya 19, Ludwig Krapf alijikita Mombasa na kuuegemea upande wa Kimvita, naye Edward Steere akajikita Unguja. Mwaka wa 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, mji wa Kimvita chenyewe, Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha iliundwa mwaka wa 1930 ili kuyasimamia matumizi hayo katika nchi za Afrika Mashariki. Kimvita kilikuwa na hazina ya ushairi iliyokuwa imekomaa kwa muda mrefu. Kwa kalamu ya kamati, mtoto wa Mombasa aliyekuwa akizungumza kwa ufasaha nyumbani aliweza kuambiwa darasani kwamba amekosea. Kiunzi cha vitabu kilikuwa kimebadilishwa, na aliyekuwa amejenga juu ya kile kingine alitakiwa ahame.

Mlinganisho huu hata hivyo una mpaka, na mpaka wenyewe una funzo. Kimvita hakikustaafu kwa sababu hakikuwa na mwenyewe mmoja. Washairi waliendelea kukitumia. Abdilatif Abdalla alipoichapisha Sauti ya Dhiki mwaka wa 1973, lahaja hiyo ilikuwa hai katika kurasa zake. Lugha huhudumiwa na wasemaji wake wote, na anayekuja na neno jipya haombi ruhusa kwa mtu. Kwa nadharia, AngularJS nayo ingeweza kuwa hivyo. Msimbo wake ulitolewa bure, chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuuchukua, kuubadilisha na kuuendeleza. Hapana aliyezuiwa kuulea. Lakini mlezi wa msimbo anahitaji ujuzi na saa nyingi za kazi isiyo na malipo, na wengi waliouhitaji walikuwa ndio wasiouelewa. Uhuru wa kuchukua fito hauna manufaa makubwa kwa mtu asiyejua kufunga kamba.

Leseni hiyo inaibua hoja nyingine, nayo ni nzito. Waundaji wa kiunzi hawakuuza kitu. Walitoa zawadi, na leseni yenyewe ilitamka kwamba zawadi hiyo haina dhamana. Je, mpewa zawadi ana haki gani ya kulalamika? Na mwundaji naye si mtumwa. Akilazimishwa kulea kosa lake la ujana milele kwa sababu watu wamelizoea, hakuna kipya kitakachoundwa. Hoja hii ni ya kweli, lakini haimalizi mjadala. Aliyewapa watu fito hakuishia hapo. Aliwaita mikutanoni, akawaandikia miongozo, akawasifia uimara wake na akafurahia idadi yao. Ahadi haiwi ya maandishi tu. Mtu anayewakaribisha wengine wajenge karibu naye amefanya tendo lenye uzito wa kauli, na hata kama mahakama haiwezi kumdai, jirani anaweza. Deni lake si la kuuhifadhi mbachao milele. Deni lake ni kusema mapema, kusema wazi, kuonyesha njia kabla ya kuonyesha kaburi, na kukiita kipya kwa jina lake.

Kwamba deni hili linalipika, ushahidi umo katika kiunzi cha pili chenyewe. Baada ya yaliyotokea, waundaji wa Angular waliweka ratiba: toleo kubwa kila baada ya miezi sita, na kila toleo kuhudumiwa kwa miezi kumi na minane. Walitengeneza zana inayomsaidia mtumiaji kuhama kutoka toleo moja hadi lifuatalo, ambayo hubadilisha yenyewe sehemu za msimbo zinazohitaji kubadilishwa. Mwezi wa Februari 2020, katika toleo la 9, waling'oa injini yote ya ndani na kuweka nyingine iitwayo Ivy. Kwa ukubwa wake, badiliko hilo halikuwa dogo. Lakini safari hii fito zilibadilishwa moja moja huku udongo ukiwa mahali pake, na watumiaji wengi walihama bila ya kuandika upya programu zao. Hapakuwa na picha za makaburi. Uhandisi ulikuwa mgumu zaidi kuliko ule wa kuvunja na kuanza upya, kwa sababu uzito wa kuhama ulikuwa umebebwa na mwenye kiunzi badala ya kutwishwa mgongo wa mtumiaji.

Kutokana na kisa hiki, yapo maswali ambayo yeyote anayechagua kiunzi, kiwe cha programu, cha mtaala au cha istilahi, anafaa kuyauliza kabla hajakandika udongo. Nani anakilea? Akichoka, nani atamrithi? Njia ya kutokea iko wapi, na imeandikwa katika lugha ambayo mrithi wa kazi hii ataielewa? Swali la mwisho ndilo linalowahusu zaidi wanaosomea Kiswahili. Miongozo ya kuhama kutoka AngularJS kwenda Angular ilikuwapo kwa wingi, lakini karani wa zahanati na mweka hazina wa chama cha akiba, ambao ndio waliopaswa kuidhinisha gharama, hawakuwa na pa kusoma kwa lugha wanayofanyia kazi kwamba mfumo wao hauna mlinzi tangu tarehe 31 Desemba 2021. Istilahi za kuwaelezea zinaweza kupatikana. Kiunzi, msimbo, kivinjari na kijenzi ni maneno yanayoeleweka yakitumiwa kwa uangalifu. Lililobaki ni kwa wenye ujuzi wa lugha kukaa na wenye ujuzi wa tarakilishi, wakaandika ukurasa mmoja unaosema ni nini kimestaafu, kimestaafu lini, na mwenye nyumba afanye nini asubuhi ya kesho.